Pothosi ya Mabaka: Maswali na Majibu kwa Waoteshaji wa Nyumbani

Maswali mengi yaliyonifikia tangu masika yaanze yanahusu mmea mmoja, yaani pothosi, ule mmea utambaao wenye majani ya umbo la moyo yaliyochanganya kijani na mabaka ya manjano au meupe. Wengine huuita mmea wa pesa. Siku hizi huning'inia katika baraza nyingi za Tanga, na kila mwenye nao ameombwa kipande na jirani. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

*Bibi Shamba, shikamoo. Jirani alinipa jani moja la pothosi lenye mabaka mazuri, nikalitia katika glasi ya maji. Sasa lina miezi mitano na mizizi tele, lakini halijatoa jani la pili. Nimekosea wapi?* (Msomaji, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Hukukosea katika kulitunza. Ulichopewa hakina fundo. Kila mahali kikonyo cha jani kinapoungana na shina la pothosi pana fundo, na penye fundo hilo, katika kwapa la kikonyo, hukaa jicho dogo lililolala, ilhali pembeni yake hujitokeza kijivimbe cha rangi ya kahawia ambacho ni mwanzo wa mzizi. Shina jipya hutoka katika jicho hilo na si kwingineko. Jani lililonyofolewa na kikonyo chake peke yake huweza kutoa mizizi na kuishi kwa miezi mingi, kwa kuwa lina maji na lina mwanga, lakini haliwezi kujiundia jicho ambalo halikuwa nalo. Mtu yeyote aliyewahi kulima muhogo analijua jambo hili bila kufundishwa: kisamvu tunakila, na tunachokipanda ni pingili zenye macho.

Kinachowapotosha watu wengi, nadhani, ni mmea wa milima yetu wenyewe. Lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilituma kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892, na ambalo kwa sababu hiyo likaitwa Saintpaulia, huoteshwa kwa jani moja tu. Ukichomeka kikonyo chake katika udongo wenye unyevunyevu, baada ya wiki kadhaa vimche huchipua penye mkato, kwa sababu jani la mmea ule lina uwezo wa kuunda macho mapya. Aliyefanikiwa na ua hilo hudhani kwamba kila jani litafanya vivyo hivyo. Pothosi haifanyi. Mrudie jirani yako, na safari hii uombe kipande cha shina.

*Nikate wapi hasa, na je, maji ni bora kuliko udongo? Mume wangu anasema vyupa vyangu vya maji dirishani vinatuletea mbu.* (Msomaji, Chumbageni)

Nianze na mume wako, kwa kuwa ana haki. Mbu wa aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda kutaga katika vyombo vidogo vya maji yaliyotulia karibu na watu, na kwa joto la pwani yai huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja au siku chache zaidi. Dengi ya mwaka 2019, iliyoenea Dar es Salaam na kufika hata huku kwetu, haikuhitaji bwawa. Kwa hiyo, ukiotesha katika maji, mwaga maji yote kila baada ya siku tatu na usugue kuta za chupa kwa ndani, maana mayai hugandamana juu kidogo ya usawa wa maji na hayatoki kwa kumiminwa tu. Kisha ziba mdomo wa chupa kwa pamba au kitambaa kuzunguka shina.

Kuhusu kukata, tumia mkasi au kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, ukate sentimita moja au mbili chini ya fundo, na uchukue kipande chenye mafundo mawili hadi manne. Ondoa jani la chini kabisa ili fundo lake lizame, na usiache jani lolote ndani ya maji, kwa kuwa litaoza na kuozesha shina. Weka chupa mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Kwa kawaida mizizi huonekana ndani ya wiki mbili au tatu, ingawa katika miezi ya baridi ya kusi huchelewa kidogo. Ikifikia urefu wa sentimita tatu hadi tano, hamishia mche kwenye udongo. Usisubiri ijae chupa nzima, kwa kuwa mizizi iliyozoea maji hupata taabu kuzoea udongo kadiri inavyozidi kurefuka.

Mimi binafsi niliacha maji miaka mingi iliyopita, na sasa huchomeka vipande moja kwa moja katika mchanganyiko wa sehemu mbili za nyuzi na vumbi la makumbi ya nazi, sehemu moja ya mchanga wa mtoni na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Hapa kuna mtego wa kwetu wa pwani. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa maji ya bahari, na mchanga wa ufukweni vilevile una chumvi. Pothosi iliyopandwa humo huungua ncha za majani, na mwenye nayo hudhani ina kiu, akazidi kuimwagilia. Yaloweke makumbi katika maji baridi yasiyo na chumvi na kuyasuuza mara tatu au nne. Maji ya kisima chenye chumvi yaepuke kwa sababu hiyo hiyo, na maji ya mvua yakinge. Chombo, hata kama ni kopo la maziwa, kiwe na matundu chini. Baadhi ya maelekezo husema mche ufunikwe kwa mfuko wa plastiki ili kutunza unyevu, lakini hayo ni ya nchi zenye hewa kavu. Hewa ya Tanga inatosha.

*Pothosi yangu ilikuwa na mabaka mengi ya rangi ya maziwa. Vipande nilivyoviotesha vimetoa majani ya kijani kitupu. Je, nimeuziwa mmea wa uongo?* (Msomaji, Pongwe)

Hukuuziwa uongo. Sehemu nyeupe ya jani haina umbijani, au inao kidogo mno, na umbijani ndio unaouwezesha mmea kutengeneza chakula kwa mwanga. Kwa maneno mengine, kila baka jeupe ni mdomo unaolishwa na sehemu za kijani. Mmea ukiwekwa katika pembe ya giza, machipukizi yenye kijani kingi hukua upesi kuliko yenye mabaka, na baada ya muda hayo ndiyo unayoyaona na hayo ndiyo unayoyakata.

Tena, si kila jicho katika shina moja lina urithi sawa wa rangi. Kabla hujakata, liangalie shina lenyewe, si majani tu: mara nyingi utaona michirizi myeupe au ya manjano ikipita kwenye gome changa kuelekea kwenye mafundo. Fundo lililopitiwa na michirizi ya rangi zote mbili lina nafasi nzuri ya kutoa chipukizi lenye mabaka, ilhali lililokaa katika kijani kitupu kwa kawaida litatoa kijani kitupu. Majani yaliyokwisha kutoka hayabadiliki. Unachoweza kufanya ni kurudi nyuma hadi kwenye jani la mwisho lenye mchanganyiko ulioupenda, kukata juu ya fundo lake, na kuusogeza mmea karibu na dirisha la mashariki, mahali unapopata jua la asubuhi. Jua la saa saba mchana la Tanga usiupe, kwa kuwa mabaka meupe huungua kwanza na kuacha makovu ya kahawia.

Usifanye pupa upande wa pili pia. Niliwahi kukata chipukizi lililokuwa jeupe pe, bila hata tone la kijani, nikijiona nimepata johari. Lilitoa mizizi, nikajisifu kwa wageni, na baada ya wiki chache likanyauka. Lilipokuwa kwa mama yake lilikuwa likilishwa. Nilipolitenga sikulipa njia ya kujilisha. Chagua mchanganyiko, na kijani kiwe nusu au zaidi.

*Mbegu za pothosi zinapatikana wapi? Nahofia kwamba kukata kata kutauchosha mmea na kuharibu kizazi chake.* (Msomaji, Korogwe)

Mbegu usizitafute. Pothosi, ambayo asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika bahari ya Pasifiki, karibu haichanui kabisa, kwa sababu inashindwa kujitengenezea kiasi cha kutosha cha homoni ya jiberelini inayohitajika ili itoe maua. Zile zinazoning'inia majumbani, basi, ni kipande cha kipande cha kipande. Na wewe uliye Korogwe umezungukwa na ushahidi kwamba kizazi hakichoki kwa njia hiyo: mkonge ulioletwa kutoka Florida mwaka 1893 na Richard Hindorf ulifika na miche 62 tu iliyo hai, na mashamba yakaenea kwa vichipukizi vyake bila kutegemea mbegu. Kinachouchosha mmea mama ni kukatwa wote kwa siku moja. Uachie angalau theluthi mbili ya majani yake.

*Je, utaratibu huu unafaa kwa ule mmea utambaao wenye mistari ya fedha na zambarau?* (Msomaji, Ngamiani)

Unafaa, na ni rahisi zaidi. Huo ni Tradescantia zebrina, na kila fundo lake likigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi kwa muda wa wiki moja hivi. Chomeka vipande vitano katika chungu kimoja ili kijae upesi.

*Baada ya kukata pothosi mikono iliniwasha. Nina mtoto anayetambaa na mbuzi wanaozurura uani. Je, ni sumu?* (Msomaji, Pangani)

Pothosi ni ndugu wa magimbi, na muwasho ni ule ule unaoupata ukimenya gimbi bichi: unaletwa na chembe ndogo sana za kalisi oksaleti, zilizochongoka kama sindano. Mtoto akitafuna jani, midomo na ulimi huuma na kuvimba, naye hutokwa na udenda. Mfute kinywa, mpe maji au maziwa, na ukiona uvimbe unaongezeka au anameza na kupumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Mbuzi nao wasifikie majani wala mabaki. Ning'iniza chungu juu, lakini ukumbuke kwamba shina hurefuka kuelekea chini, na mtoto naye hurefuka kwenda juu. Wakati wa kukata vaa glavu, na usijifute macho kabla ya kunawa kwa sabuni.

*Vipande vinavyobaki navitupa nyuma ya nyumba, karibu na msitu. Vimeanza kupanda juu ya mti, na majani yamekuwa makubwa kuliko ya mama. Ni jambo la kufurahia?* (Msomaji, Amani)

Hapana, na kwa hapo ulipo naomba uving'oe wiki hii. Pothosi ikipata mti wa kupanda hubadilika umbo: shina hunenepa, na majani huwa makubwa mara nyingi kuliko yale ya chunguni. Katika nchi kadhaa za joto imekwisha kuwa kero inayofunika miti. Amani mnalijua jambo la namna hii kuliko sisi wa mjini, kwa kuwa bustani ya mimea iliyoanzishwa hapo mwaka 1902 ilileta miti ya kigeni ya kila aina, na mmoja wao, Maesopsis eminii, umeingia katika msitu wa asili kwa msaada wa hondohondo wanaokula matunda yake na kutawanya mbegu. Pothosi haina matunda ya kumpa hondohondo, lakini fundo moja lililodondoka penye kivuli na unyevu linatosha. Fuata shina hadi ardhini, ng'oa pamoja na mizizi iliyoshika gome, na usikatekate ukiwa hapo chini ya mti. Anika mabaki yote juu ya bati au saruji hadi yawe makavu ya kuvunjika mkononi, ndipo uyatie katika shimo la mboji, kisha urudi kukagua ule mti baada ya mvua mbili tatu.