Mtoto yuleyule mara tatu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeona picha ya gombo la kale la Kijapani, watoto wanapigana uwanjani. Ajabu, mtoto mmoja yuko humohumo zaidi ya mara moja. Mume wangu anasema mchoraji alikosea, mimi nasema ni mapacha. Nani kapatia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nyote mmekosa! Hilo ni gombo la Ban Dainagon, la karne ya 12, linalosimulia moto ulioteketeza lango la Ōtenmon, Kyoto, mwaka 866. Mchoraji alijua fika anachofanya. Anza na watoto wanaovutana nywele, kisha zungusha macho. Baba wa mmoja anatoka mbio. Baba huyohuyo anampiga teke mtoto wa mwenzake. Mama anamkokota mwanawe nyumbani. Matukio yote hayo yako kwenye kiwanja kimoja, bila mstari wa kuyatenga. Wajapani huita mtindo huo iji dōzu, yaani nyakati tofauti ndani ya picha moja: mtoto ni yuleyule, saa ndiyo inasonga. Hata mimi mara ya kwanza nilidhani yule anayekuja mbio na yule anayepiga teke ni watu wawili, nikamlaumu wa pili kwa kuingilia ugomvi wa watoto.

Wewe umeliona limetandazwa kwenye ukurasa, ndiyo maana likakuchanganya. Gombo lenyewe lina urefu wa zaidi ya mita 8, na kimo cha kama sentimita 30 tu. Msomaji alikaa chini, mkono wa kushoto ukifungua, wa kulia ukiviringisha yaliyokwisha kupita. Linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyesoma Kurani chuoni hapati taabu. Mbele yake kila mara kuna kipande cha upana wa mabega, basi. Kijacho bado kimejificha ndani ya mviringo.

Na huo ugomvi si wa kupuuza. Baba wa mtoto aliyepigwa teke alikuwa amemwona kigogo Tomo no Yoshio, ndiye huyo Ban Dainagon, pale langoni usiku wa moto, akafunga mdomo. Mpiga teke alikuwa mtu wa kigogo huyo, na alijivunia bwana wake. Uchungu wa mwana ukamshinda yule baba, akabwata hadharani kwamba anajua siri ya huyo bwana. Majirani wakalidaka, neno likafika kwa wakubwa, na Yoshio akaishia uhamishoni Izu.