Kabla hujaagiza chipu yako mwenyewe

Chipu yangu ya kwanza ilirudi maiti. Niliisubiri kwa miezi, nikaiwashia umeme, nikagusisha kipimo kwenye pini ya kutokea: kimya. Na mchoro uleule ulikuwa umefanya kazi wiki nzima mezani kwangu ndani ya FPGA, chipu ya dukani unayoweza kuipangia kazi upya.

Kosa lilikuwa dogo. Kwenye Verilog, lugha ya kuelezea saketi, niliandika thamani za kuanzia za rejista, vile vihifadhi vidogo vya moja au sifuri, na pini ya riseti, ya kuzirudisha mwanzo, sikuiunganisha popote. FPGA niliyotumia ilizikubali thamani zile, kila ikiwashwa ikaanzia sifuri. Zana za kutengenezea silikoni huzipuuza. Rejista huamka na moja au sifuri, itakavyoangukia. Yangu iliamka katika hali ambayo sikuiandikia njia ya kutokea, ikakwama humo. Na silikoni haifutiki.

Kwa nini haifutiki? Fikiria uchapaji wa kanga, kila rangi na fremu yake. Sahani nyembamba ya silikoni, zile kubwa zina kipenyo cha milimita 300, hupakwa dawa inayohisi mwanga, kisha mwanga hupitishwa kwenye kiolezo chenye mchoro wako. Panapohitajika hukwanguliwa kwa kemikali au gesi, au hupigwa atomi za boroni au fosforasi ili kubadilisha tabia ya umeme. Halafu tabaka linalofuata, na kiolezo kingine. Chini wanakaa transista, swichi ndogo za umeme, juu yao nyaya za metali, ghorofa kwa ghorofa. Gharama kubwa ya kuanzia iko kwenye seti hiyo ya violezo: ukikosea, vile vilivyoguswa na kosa vinachorwa upya, na unalipa tena.

Hapo ndipo aina za chipu zinapotofautiana. Kuna ya kuchora kila transista kwa mkono, ambayo anayeanza simshauri aiguse. Kuna ya seli sanifu: kiwanda kinakupa mageti (saketi ndogo za mantiki) na rejista zilizokwisha kupimwa, programu inazipanga na kuziunganisha, lakini violezo vyote bado ni vyako. Halafu kuna safu ya mageti, na hii naipenda kwa werevu wake. Transista wamekwisha chapwa, wanafanana kwa kila mteja, wewe unalipia tabaka za metali tu. Ni kanga yenye pindo na mji tayari, limebaki jina. Kompyuta ya ZX81 ya Uingereza, mwaka 1981, ilitumia chipu ya namna hiyo kutoka Ferranti, na idadi ya chipu zake ikashuka hadi 4, wakati ZX80 iliyoitangulia ilikuwa na 21.

FPGA unainunua dukani imekamilika, unaipangia kazi, kesho unaibadilisha. Kwa kipande kimoja ni ghali na inakula umeme zaidi, lakini kama bidhaa yako ni ya mamia, baki nayo. Ndugu yangu, usiagize chipu kwa fahari ya kuwa na jina lako juu yake. Piga hesabu ya utakazouza kwanza.

Kama lengo ni kujifunza, tafuta sahani ya kuchangia, ambapo miundo ya watu wengi hukaa pamoja na gharama ya violezo ikagawanywa. Mradi wa Tiny Tapeout hufanya hivyo tangu 2022, na tangu 2020 kanuni za kuchorea chipu kwa mchakato wa nanomita 130 wa kiwanda cha SkyWater ziko wazi kwa yeyote.

Na kabla ya kutuma, futa thamani zote za kuanzia, kisha endesha majaribio kwenye orodha ya mageti iliyotoka kwenye zana, usiishie kwenye Verilog uliyoandika. Penye rejista isiyojulikana utaona X nyekundu kwenye skrini. Nilipofanya hivyo na mchoro wangu wa zamani, skrini iligeuka nyekundu kuanzia mstari wa kwanza. Nikaunganisha riseti, nikarudia, ile nyekundu ikakoma pale pale riseti ilipoanza kazi. Toleo hilo ndilo nililotuma mara ya pili, na taa yake iliwaka.