Vigae vya kituo cha anga vimepinda na haviungani: tuhamie printa ya 3D?

SWALI: Sisi ni kikundi cha marafiki hapa Jinja. Tunacheza vita vya mezani vya hadithi za sayansi, kwa askari wadogo wa milimita 28. Tulichora kituo cha anga cha kuunga na kubomoa: vigae vya sakafu vya sentimita 30 kwa 30, kuta za kuchomeka, minara ya ghorofa tatu. Tukakatiwa kwa leza Kampala, MDF ya milimita 3. Vilipofika vilikaa vizuri. Tukapaka gundi nyeupe na mchanga juu ya sakafu, kisha rangi ya maji. Sasa mvua imeanza, pembe za vigae zimeinuka, kuta nyingine haziingii kwenye tundu zake na nyingine zinalegea. Sumaku za pembeni, baadhi zinavutana, baadhi zinasukumana. Kuna anayesema tuache MDF, tununue printa ya 3D. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu zangu, msitupe kitu, na printa msiinunue kwa sababu hii. Mimi kazi yangu ni kukata MDF na akriliki kwa leza, mabango zaidi, lakini maumbo ya mezani nimeyakata mengi, na haya mnayoyaeleza ni matatizo matatu tofauti yaliyokutana siku moja. Yote yanagusa jambo moja: mmechora vipande vizuri, ila hamkukubaliana juu ya kingo. Kigae kinaweza kuwa na bomba, shimo, moto au mwili wa roboti juu yake. Kinachokifanya kiungane na chenzake ni ukingo wake na kimo chake peke yake. Vitu hivyo viwili vikiwa na kanuni moja isiyovunjwa, mengine yote mko huru.

Nianze na kupinda, maana ndiko kunakoumiza zaidi.

MDF ni nyuzi laini za mbao zilizobanwa kwa gundi. Nyuzi hizo zinapenda maji. Mlipopaka gundi nyeupe na rangi ya maji upande wa juu tu, uso huo ulikunywa maji ukavimba, kisha tabaka la gundi lilipokauka likajikaza na kuvuta pembe juu. Upande wa chini umebaki mtupu, nao unaendelea kunywa unyevu wa hewa msimu wote wa mvua. Jinja iko palepale Nile inapotoka ziwani, hewa yake mara nyingi ni nzito. Ubao wa milimita 3 hauna nguvu ya kushindana na uso mmoja unaovuta na mwingine unaovimba. Isitoshe, ubao wote unatanuka kidogo: kigae cha sentimita 30 kikitoka kwenye ukavu mkubwa hadi unyevu mkubwa kinaweza kukaribia kuongezeka milimita moja. Kwa kigae kimoja si kitu. Kwa sita vilivyopangwa mstari mmoja, meza yenu inaanza kubenuka katikati.

Dawa ni kutendea pande zote sawa. Kabla ya gundi au rangi yoyote ya maji, pakeni sandingi sila ya maseremala, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao inayochanganywa na thina, juu, chini na pembeni. Pembeni ndipo panapokunywa kuliko kote, kwa hiyo hapo mara mbili, na msasa laini katikati. Fanyeni nje au kwenye baraza lenye upepo, mvuke wa thina si wa chumbani. Ikikauka, rangi ya maji haina tena njia ya kuingia. Na kila tabaka mnalopaka juu, pakeni na chini, hata kama chini hakuna atakayepatazama. Kisha gundisheni fremu chini ya kila kigae: vipande vya MDF au plaiwudi vya kimo cha milimita 15, kuzunguka kingo zote nne na kimoja cha msalaba katikati. Fremu hiyo ndiyo itakayobeba sumaku, nitaieleza mbele.

Vile vilivyokwisha kupinda vinaokoleka vingi. Lowesheni kidogo upande wa chini kwa kitambaa chenye maji, vilazeni kifudifudi kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, wekeni uzito mkubwa juu, na msiviguse mpaka vikauke kabisa. Hata ikichukua siku kadhaa, subirini. Vikitoka vimenyooka, sila na fremu mara moja, kabla havijakumbuka umbo la zamani. Ambacho pembe zake zimefura na kuwa laini kama mkate uliolowa, hicho kikateni kiwe vifusi vya vita. Kifusi hakihitaji ukingo ulionyooka.

Sasa tundu za kuta. Nitasema wazi: kwa vigae vipya, mimi nisingechora tundu kwenye sakafu hata moja. Tundu zinafunga mpango wa chumba pale pale mlipozikata, na maana ya kuwa na moduli, yaani vipande vya kuunga na kubomoa, ni kwamba leo pawe ukumbi, wiki ijayo pawe korido. Chukueni badala yake nguzo. Nguzo fupi ya mraba, milimita 12 hivi, yenye mfuo wima pande mnazotaka. Kuta zinateremshwa kutoka juu ndani ya mifuo. Nguzo inasimama popote, na inameza makosa madogo ya vipimo, jambo ambalo tundu haliwezi.

Lakini ziwe tundu au mifuo, kipimo chake hakitoki kwenye lebo ya duka. Ubao unaouzwa kama milimita 3 nimeukuta 2.8, nimeukuta 3.2, na ubao mmoja unaweza kutofautiana kati ya kona na kona. Pimeni kwa vernia, kile kipimo cha taya cha kupimia unene, kila ubao kabla ya kukata. Pili, mwale wa leza wenyewe unakula mbao, kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.2 kwa MDF nyembamba, kwa hiyo tundu mlilochora 3.0 linatoka pana kuliko mchoro, na ulimi, yaani kile kipande cha ukuta kinachochomekwa, mlioupa upana wa 20 unatoka mwembamba. Tatu, rangi. Rangi ya chini na tabaka mbili za juu pande zote za ukuta zinaweza kuongeza milimita 0.2 au zaidi. Ndiyo maana kwenu kuta zilizopakwa nene zinagoma na zilizopakwa nyepesi zinacheza.

Kuna njia ya kutobahatisha. Mwambieni fundi awakatie kwanza kitana cha majaribio kutoka kwenye ubao ule ule: kipande kirefu chenye tundu kuanzia 2.6 hadi 3.5, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa 0.1, na namba imechongwa pembeni. Chomekeni kipande cha ukuta ambacho tayari kimepakwa rangi. Tundu linaloshika kwa kubanwa na kidole ni la viungo vya kugundisha moja kwa moja. Tundu ambalo ukuta unaingia kwa uzito wake wenyewe, hilo ni la viungo vya kutoa na kurudisha. Mkitaka kuepuka shida ya rangi, funikeni ndimi na mifuo kwa tepu ya karatasi wakati wa kupaka.

Sumaku zenu zinasukumana kwa sababu kila mmoja aliweka kwa makisio. Kanuni ni hii. Kitazameni kigae kutoka nje, uso kwa uso na ukingo. Kila ukingo uwe na sumaku mbili zilizo umbali sawa kutoka katikati. Ya kushoto ielekeze nje ncha ya kaskazini, ya kulia ielekeze nje ncha ya kusini. Kingo zote nne, vigae vyote, bila kuachia hata kimoja. Kigae kingine kikija kukutana nacho, kushoto kwake kunaangalia kulia kwa hiki, basi kaskazini inakuta kusini daima, hata mkizungusha vigae mara ngapi. Mimi naona hii ndiyo kanuni nzuri kuliko zote katika ufundi huu mzima, maana inaondoa kabisa suala la kigae kipi kinakwenda na kipi.

Sumaku za neodimiamu za kipenyo cha milimita 5 na unene wa 2 zinatosha. Toboeni fremu, zamisheni sumaku iwe ndani ya ukingo kwa unywele tu, ili mbao ndizo zigusane, si sumaku. Tengenezeni kijiti chenye sumaku moja nchani kilichopakwa nyekundu, na kila sumaku ipimwe nacho kabla ya gundi. Gundi iwe epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Gundi ya bunduki ya moto iacheni: inabanduka, na sumaku za kawaida za aina hii huanza kupoteza nguvu zinapozidi nyuzijoto 80. Na nyumba yenye watoto wadogo, sumaku iliyong'oka itafutwe siku hiyo hiyo mpaka ionekane. Mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kungoja dalili. Nyumba ya namna hiyo ni heri ibane fremu kwa klipu kubwa za karatasi, chini ambako hazionekani.

Kuhusu kimo cha ghorofa, pimeni kutoka uso wa sakafu hadi uso wa sakafu inayofuata, unene wa ubao ukiwa ndani ya hesabu. Milimita 75 inafaa: askari wa milimita 28 ana nafasi, na mkono wa mchezaji unaingia bila kuangusha wengine. Mnara mmoja ukihesabu ubao na mwingine usiuhesabu, ghorofa ya tatu zimeachana kwa milimita 9, na daraja mlilochora kuunganisha minara linakuwa mteremko. Korido zipeni milimita 75 pia; vitako, yaani vile visahani wanavyosimamia askari, vya milimita 32 vinapishana. Ngazi za kukanyaga zina tabu, kitako cha 40 hakitulii juu yake. Wekeni ngazi za chuma za ukutani au jukwaa la lifti, na mkubaliane kwamba askari husimama juu au chini.

Upana wa kigae amueni sasa kabla ya kukata vingine. Michezo mingi ya aina hii hupima kwa inchi. Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya mezani uliotoka Uingereza mwaka 1987, bado hupima hivyo. Futi moja ni milimita 304.8. Mkibaki na 300, vigae sita vinapungua karibu sentimita 3 kufikia futi 6, na hilo halina ubaya mkiwa peke yenu. Mkipanga kuchanganya na michoro ya kununua kutoka nje, nendeni na inchi kamili.

Printa ya 3D ina kazi yake: milango, mabomba, meza za kompyuta, vifuniko vya nguzo. Sakafu nzima ni kuchapa saa nyingi kwa kila kigae, na umeme ukikatika katikati bila betri ya kuhifadhi mnaweza kupoteza kipande kizima. Plastiki ya PLA, inayotumika sana kwenye printa hizi, hulainika karibu na nyuzijoto 60, joto ambalo dashibodi ya gari lililoachwa juani inaweza kulifikia; kwa vinavyosafiri tumieni PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi. Pia tabaka la kwanza hutanuka kidogo kwenye kitanda cha printa, likakwanguliwe kwa kisu, la sivyo ukingo wenu unaharibika tena.

Kama unyevu utaendelea kuwashinda, mkija Kampala piteni Nasser Road kwa watengeneza mabango, ulizieni mabaki ya ubao wa povu la PVC wa milimita 5. Haunywi maji, unakatwa kwa kisu na rula ya chuma, na mistari ya paneli mnaichora kwa kalamu ya wino iliyokauka. Uso wake unabonyea kirahisi, hiyo ndiyo kasoro. Lakini msimpelekee mtu wa leza aukate. PVC ikiunguzwa hutoa gesi ya tindikali inayochoma mapafu na kula mashine.

Kwa awamu hii kateni vigae vinne tu, nguzo sita na kitana. Paka, funga sumaku, vizungusheni kila upande, viacheni chumbani msimu huu wa mvua uishe. Vikiendelea kukutana, mtumieni fundi mchoro mzima.