Glen Rose, Texas: kabla ya kupeleka watoto kuona nyayo za dinosaria, uliza kwanza habari za mto

Kila shule zikikaribia kufungwa napata meseji za watu wa Dallas, Fort Worth na Arlington wanauliza wapi pa kuwapeleka watoto, pasiwe mbali sana, pasimalize mshahara, na watoto wasishinde wameinamia simu. Jibu langu halibadiliki, nendeni Glen Rose. Ni kamji kadogo, watu kama elfu mbili na mia sita hivi, kako kusini magharibi mwa Fort Worth, unashika barabara ya 67 unaendesha saa moja na kidogo umefika, kutoka Dallas weka saa moja na nusu. Wengi wetu tunaoishi huku na kufanya kazi za shifti tunasubiri likizo kubwa ya kwenda nyumbani Tanzania, na likizo yenyewe inaweza ikachukua hata miaka minne kupatikana, huku watoto wanakua na wiki endi zote zinaishia kwenye kufua na kwenda supamaketi. Safari ya siku mbili karibu na tunapoishi inatosha kabisa na mimi naitetea kwa nguvu zote.

Sasa kilichopo pale hasa ni mto unaoitwa Paluxy, na ndani ya mto, yaani kwenye mwamba wa chini ambapo maji yanapita, kuna nyayo za dinosaria za miaka kama milioni 113 iliyopita. Sehemu yenyewe ni hifadhi ya jimbo inaitwa Dinosaur Valley State Park. Zamani hizo hapo palikuwa pwani ya bahari ya kina kifupi, wanyama wakapita kwenye tope la chokaa, tope likakauka, likafunikwa na matope mengine, likageuka jiwe, halafu baadaye sana mto ukaja kula tabaka laini za juu mpaka nyayo zikatokeza. Na hapa ndo penye ushauri wangu mkubwa kuliko yote, nyayo ziko mtoni kwa hiyo mto ndo unaamua utaona nini. Mvua ikinyesha sana maji yanapanda, yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hutaona hata unyayo mmoja, utakuwa umewaahidi watoto dinosaria halafu wanaishia kuangalia maji. Ukame ukiwa mkali ndo raha, mwaka 2022 mto ulikauka sehemu kubwa zikatokea nyayo ambazo kawaida zimefunikwa na maji na udongo, dunia nzima ikaandika habari hiyo.

Kwa hiyo panga hivi. Kama lengo ni nyayo, nenda mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, maji yanakuwa madogo. Kama lengo ni kuogelea na kuona maua ya porini basi mwezi wa nne na wa tano, ila kubali kwamba nyayo nyingi zinaweza kuwa chini ya maji. Na siku mbili tatu kabla ya kuondoka ingia kwenye ukurasa wa hifadhi, huwa wanaweka taarifa za hali ya mto, au wapigie simu tu uulize leo nyayo zinaonekana wapi, wanajibu vizuri na hawachoki kuulizwa.

Suala la kuingia. Usiende hivi hivi tu siku ya Jumamosi ukategemea utakata tiketi getini, nafasi za siku huwa zinajaa na magari yanarudishwa, nimeona familia zimetoka mbali zinageuza gari na watoto wanalia nyuma. Kata kwenye mtandao mapema, wanaruhusu mpaka mwezi mmoja kabla. Kiingilio ni dola 8 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 12 kushuka chini haijalishi una wangapi anaingia bure, na hapo ndo sisi wenye familia kubwa tunapofurahi. Ukiwa mtu wa kupenda mambo haya nunua kadi ya mwaka ya hifadhi za jimbo, dola 70, wote mlioko kwenye gari mnaingia bure kwenye hifadhi zaidi ya 80 za Texas nzima, ila hata ukiwa na kadi nafasi ya siku bado lazima ushike mapema. Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, ndani ya hifadhi za jimbo la Texas huhitaji leseni ya kuvua samaki ukivulia ukingoni, kwa hiyo beba ndoana.

Ukiingia, watoto wataona kwanza masanamu mawili makubwa ya dinosaria, yale yalitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965. Piga picha uendelee, usikae hapo. Anzia Main Track Site, kuna ngazi za kushuka mtoni, na hapo utaona aina mbili, kuna zenye vidole vitatu, hizo ni za mla nyama anaitwa Acrocanthosaurus, halafu kuna zile kubwa kama beseni la kufulia, za mla majani mwenye shingo ndefu. Mwambie mtoto aweke mguu wake ndani ya ule unyayo (unaruhusiwa kuingia na kukanyaga, kinachokatazwa ni kumwaga plasta kuchukua umbo na bila shaka kuchimba) na subiri uone sura yake. Ukitoka hapo nenda Ballroom, nyayo zimepishana pishana kila upande mpaka pakaitwa ukumbi wa dansi. Blue Hole ni kidimbwi cha kuogelea, kina kina kirefu na hakuna mwokoaji, kwa hiyo majaketi ya kuelea kwa watoto ni lazima, sio hiari.

Vaa viatu vinavyoingia majini na vikashika mguu. Ndala hazifai kabisa, zile jiwe za chini zina utelezi wa mwani na mtu mzima anaweza kuvunjika nyonga. Beba pia brashi laini au ufagio mdogo, tope jepesi ukilisukuma unyayo unatokea vizuri, na ukiumwagia maji ndo vidole vinaonekana kabisa kwenye picha. Watoto wanapenda hiyo kazi kuliko kitu chochote, wangu wanaweza kufagia mto mzima wakati nyumbani kufagia sebule ni vita. Asubuhi mapema au jioni ndo mwanga unalala kwenye mashimo yale, saa saba mchana jua likiwa kichwani unyayo unapotea machoni hata ukiwa umesimama pembeni yake.

Wasimulieni watoto historia kabla ya kufika, inabadilisha safari nzima. Mwaka 1908 yalikuja mafuriko makubwa yakabomoa kingo, na mwaka 1909 mtoto wa miaka tisa, George Adams, akaziona nyayo za vidole vitatu kwenye kijito cha Wheeler Branch. Miaka ya 1930 hali ya uchumi ilikuwa mbaya sana, wenyeji wakawa wanakata mawe yenye nyayo wanauza, na wengine wakachonga za uongo za majitu ya kibinadamu. Hizo za uongo ndo zilimvuta mtafiti Roland Bird wa makumbusho ya New York mwaka 1938, akaja kuchunguza akakuta za kweli, mwaka 1940 wakakata kipande kizima cha njia ya nyayo na sehemu yake ipo New York mpaka leo.

Na hapa mimi huwa naongeza la kwetu, maana watoto waliozaliwa huku wanadhani dinosaria ni vitu vya Wamarekani. Mwaka huo huo wa 1909 Wajerumani walianza kuchimba mifupa Tendaguru, Lindi, wakaendelea mpaka 1913, na waliofanya kazi ni watu wetu, mkuu wa wachimbaji akiitwa Boheti bin Amrani, wapagazi wakibeba mifupa kwa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama wale amesimama Berlin leo, kimo chake ni zaidi ya mita 13, jina lake Giraffatitan, na ni mzee kuliko wa Glen Rose kwa zaidi ya miaka milioni 30. Mama mkwe wangu kwao ni Lindi, tulivyompeleka Glen Rose alikaa juu ya jiwe akawasimulia wajukuu habari za kwao, na wale watoto ambao kawaida Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza siku hiyo walikuwa wanauliza maswali kwa Kiswahili, "Bibi, na hao walikuwa wanakula nini?" Mwenye asili ya kaskazini mwa Tanzania naye asisahau Laetoli, nyayo za binadamu wa kale wa miaka milioni 3.6, ni somo lile lile, ila pale ni majivu ya volkano yaliyolowa ndo yakageuka jiwe.

Usalama naomba mnisikilize. Mito ya Texas inapanda ghafla, mvua inaweza isinyeshe ulipo ikanyesha juu huko na maji yakakukuta. Julai 2025 mafuriko ya Guadalupe, ambao ni mto mwingine kusini zaidi, yaliua watu zaidi ya 100 wakiwemo watoto waliokuwa kambini. Kwa hiyo ukiona onyo la mafuriko kwenye simu, hata kama umeshalipia, usiende, na kama upo mtoni toa watoto juu kwanza maswali baadaye. Barabara ikiwa na maji juu usipite, geuza. Joto nalo, mwezi wa nane linafika nyuzi 38 na kuzidi, fika geti likifunguliwa, saa sita mrudi kwenye kiyoyozi, jioni mtarudi tena. Maji ya kunywa mengi, kofia, na angalia chini kabla ya kutandika mkeka, wale sisimizi wekundu wa Texas wanauma mpaka mtoto anavimba.

Siku ya pili iwe ya Fossil Rim Wildlife Center. Ni eneo la ekari kama 1,800 lenye wanyama wanaokaribia elfu moja, unaendesha gari lako mwenyewe taratibu kwenye njia ya maili kama saba, weka saa mbili hadi tatu. Kuna twiga, vifaru, duma, pundamilia. Nishasikia watu wanasema mimi natoka nchi ya Serengeti nitalipaje hela kumuona twiga Texas, na naelewa, lakini mtoto wako hajatoka Serengeti, ametoka Arlington, na siku twiga anapoingiza kichwa dirishani na kuchukua chakula mkononi mwake ataanza kukuuliza maswali ya nyumbani ambayo ulikuwa unatamani ayaulize. Kuna kazi ya maana pia pale, wanazalisha wanyama walio hatarini kupotea, mwangalie yule swala mweupe mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma, aina hiyo ilitangazwa kutoweka porini mwaka 2000 na imeweza kurudishwa Chad kutokana na wanyama waliotunzwa sehemu za namna hii. Kwa wazee ndo pazuri zaidi maana hakuna kutembea, mtu anakaa kwenye kiti chake cha gari anaona kila kitu. Tiketi nayo kata kabla, bei inategemea msimu, na fuata maelekezo ya nani analishwa na nani halishwi.

Mji wenyewe hauna mengi na huo ndo uzuri wake. Katikati kuna mahakama ya kaunti ya mawe iliyojengwa 1893, maduka machache, unazunguka kwa miguu nusu saa umemaliza. Pembeni hapo kuna Big Rocks Park, majabali makubwa mtoni, bure kabisa, watoto wanapanda na kuruka mpaka wanalala wenyewe njiani. Nyama choma ya Kitexas ipo, lakini kwa anayekula halali usihangaike kuuliza kila mgahawa, nunua nyama yako Dallas au Fort Worth, iloweke kwenye ndimu na tangawizi, mtachoma wenyewe, ila uliza kwanza maana kiangazi kaunti huwa inatangaza marufuku ya kuwasha moto wa kuni na mkaa. Chapati na pilau la kwenye hotipoti linamaliza kazi ya mchana.

Kulala, kama watoto wako zaidi ya miaka sita na hakuna mzee, piga hema ndani ya hifadhi, chukua eneo lenye umeme ili feni ifanye kazi. Ukiwa na mtoto mchanga au mama mzazi kaja kutembea, kodi nyumba ndogo ya mbao pembeni ya mto, mkigawana familia mbili bei inashuka na jikoni lipo.

Wa Houston mnakuja mbali, saa nne na nusu, kwa hiyo ondokeni Ijumaa jioni mkishatoka kazini mlale njiani au mfike usiku, Jumamosi asubuhi mtoni, Jumapili Fossil Rim wakifungua tu, saa nane mchana muwe barabarani. Na kama mna siku moja tu na mto uko chini, chagueni mto. Twiga wapo mwaka mzima, nyayo ni wakati maji yakiruhusu.