Bogonvilia yako inakufa kwa kumwagiliwa

Jumapili nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Lindi: "Mama, nimepanda vijiti ishirini vya bogonvilia, namwagilia asubuhi na jioni, vyote vimeoza. Wewe unatumia dawa gani?" Nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Na mimi nilianza hivyohivyo.

Mwaka 2019 nilikuwa na kitalu nyuma ya nyumba, hapa Shangani, Mtwara, na ndoto kubwa kuliko kitalu chenyewe, kama wewe unayesoma hapa. Nyumba moja ya wageni ikaniagiza miche 60 ya kupamba ukuta. Nikakopa kwenye kikoba hela ya viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche. Nikajaza samadi ya kuku, na Septemba, jua likiwa kali na mvua bado mbali, nikawa nanunua maji ya madumu nimwagilie mara mbili kwa siku. Miche ikanenepa, ikang'aa kijani. Ua, hata moja.

Mwenye nyumba aliizunguka mara moja tu. "Mama, niliagiza maua, umeniletea mchicha." Alisema hivyo mbele ya vijana wa guta walionibebea! Hata nauli hakunirudishia. Mpaka leo nikipita pale natazama upande wa bahari.

Nilirudi nayo, nikaitupa uwanjani juani, na kwa hasira sikuigusa tena. Majani yakaanza kupukutika. Kumbe ndiyo dawa. Baada ya wiki kadhaa uwanja wote ukawa zambarau na waridi, majirani wanasimama kutazama, na mimi nimesimama ndani nalia.

Bogonvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, jina lake limetokana na la baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, lakini tabia yake ni ya mtu wa huku kwetu: ukiilisha na kuinywesha kupita kiasi, inajisahau, inatoa majani tu. Na hiyo rangi unayoiita ua, nayo ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati.

Sasa binti yangu, dawa hakuna. Kata tawi lililokomaa, nene kama penseli, urefu wa sentimita 20 hivi, si lile laini la kijani. Likate mshazari chini ya kifundo, pale panapoota jani, ondoa majani, vifundo viwili viingie kwenye udongo wa kiriba. Mchanga wetu huu unatosha, changanya na samadi kidogo iliyooza vizuri. Weka kivulini. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Kikitoka na unyevu, weka kopo chini uondoke. Wengine wanapaka asali, mimi sijaona tofauti.

Kijiti kikichipua, usishangilie. Hicho kinakula akiba iliyomo kwenye mti, mizizi huenda haijatoka. Nilishang'oa vipandikizi vizima kwa kutaka kuchungulia. Subiri miezi miwili hivi. Siku ya kuhamisha, chana kiriba polepole, udongo usimwagike, maana mizizi yake haivumilii kusumbuliwa. Mche ukishika, uweke juani kutwa, na uuache uone kiu kabla hujarudi na kopo. Maua yakiisha, pogoa, kwa sababu yanakuja kwenye machipukizi mapya.

Tunapenda sana kuhangaika, wanawake wenzangu. Tunadhani kitu kisichohangaikiwa hakikui. Mimi nimehangaikia miche, nimehangaikia wateja, nikaishia kutukanwa. Kaa kando kidogo, uache jua nalo lifanye kazi yake.

Mwezi uliopita yule mwenye nyumba ya wageni alituma kijana kununua miche kumi. Hakutaja jina lake, lakini guta nililitambua. Nikamuuzia, hela mkononi kwanza. Nilimchagulia ile yenye majani mengi, nikamwambia kijana akamwambie bosi wake asiimwagilie sana. Sijui kama ujumbe ulifika.