Kwa nini mtafiti wa nyayo za kale huwachunguza wanyama walio hai

Umeuliza mtafiti wa nyayo za mamilioni ya miaka iliyopita anapata faida gani kwa kuwafuata wanyama wa leo. Unyayo wa kale kwa kawaida hupatikana bila mifupa ya aliyeuacha, hivyo njia ya kumtambua ni kuulinganisha na alama ambazo mwenyewe anajulikana.

Mfano ninaouthamini sana ni wa Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1976 zilionekana huko, katika majivu ya volkeno ya takriban miaka milioni 3.66 yaliyogeuka mwamba, nyayo chache za kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili, na baadaye likatolewa wazo kwamba huenda ni za dubu aliyesimama wima. Watafiti walizifukua upya mwaka 2019, wakazilinganisha na nyayo za binadamu, za sokwe, na za dubu weusi wadogo wa Marekani waliotembea kwa miguu miwili juu ya tope. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kisigino kipana, pamoja na hatua ambayo mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine, havilingani na dubu, bali na jamaa wa kale wa binadamu. Tena, kati ya maelfu ya visukuku vya wanyama vya Laetoli, hakuna hata kimoja cha dubu.

Zingatia pia hali ya ardhi, kwani mnyama yuleyule huacha umbo tofauti kwenye tope laini na kwenye mchanga mkavu.