Uyoga wa mifuko: anza na sufuria kabla ya kuota pesa

Watu hapa Busia ya Uganda wananiuliza sana, wewe unayekuza uyoga ndani ya mifuko ya plastiki, kuna pesa kweli? Iko, lakini usianze na pesa, anza na sufuria. Weka mifuko michache ya nyumba yako, mle, wape majirani waonje, ukiona wanarudi kuuliza umebaki ndio uongeze. Nasema hivo juu nimeona watu wakiuziwa mifuko mingi kwa mara moja na ahadi kwamba mavuno yote yatanunuliwa, alafu siku ya kuvuna simu haishikwi, na uyoga mbichi haungojei mtu, bila friji siku chache tu umeshalegea unanuka.

Kitu cha kwanza uelewe, uyoga si mmea. Hauna majani wala haujitengenezei chakula kwa jua kama mahindi, unakula mabaki ya mimea iliyokufa. Na ule wa kwenye kichuguu unaotoka mvua ikianza usijisumbue kuupanda, ule ni mchwa wenyewe wanaufuga ndani wakiulisha majani na miti waliyotafuna, bila mchwa wake haukubali. Wa mifuko ni huu tunaouita oista. Sisi wa mashariki tuna bahati ya pamba, maganda ya mbegu za pamba kutoka jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, ndio unayapenda sana, ukikosa tumia majani makavu ya maharage ama magunzi ya mahindi yaliyopondwa. Loweka, alafu kamua kwa ngumi: yakitoa matone mawili matatu ni sawa, yakichuruzika bado yana maji mengi na yataoza.

Kuchemsha ndio watu wanapokimbilia njia ya mkato. Unapanga miti ndani ya pipa ili mzigo usiguse maji, unafunika vizuri, unaacha mvuke upite masaa kadhaa, sio dakika, kwa vile yale maganda yamejaa vijidudu na ukungu mwingine ambao nao una njaa kama uyoga wako. Acha yapoe kabisa, yakiwa moto yanaua mbegu ya uyoga. Nawa mikono, paka spiriti, ndio ujaze kaveera, yaani mifuko ya plastiki, tabaka la maganda tabaka la hiyo mbegu ya uyoga, ile inayooteshwa kwenye punje za mtama. Weka gizani, wiki tatu ama nne utando mweupe umejaa mfuko mzima, hapo sasa toboa, ruhusu hewa na mwanga kidogo, mwagia sakafu maji asubuhi na jioni chumba kibaki na unyevu.

Ukiona kijani kwenye mfuko, toa huo mfuko nje siku hiyohiyo na usiufungulie ndani. Mara nyingi ni trikodema, ukungu unaopigana na uyoga na kuushinda. Lakini ajabu yake, hiyohiyo trikodema wataalamu wanaitumia shambani kukinga mizizi ya nyanya na mazao mengine dhidi ya kuvu zinazoozesha. Kwa hiyo siuchukii, nataka tu ukae mbali na nyumba ya uyoga.

Upande wa afya nitaongea wazi. Uyoga ni chakula kizuri sana, una protini, vitamini za kundi B, nyuzinyuzi, mafuta kidogo, na kwa nyumba ambayo nyama inaonekana sikukuu tu hiyo ni msaada mkubwa. Ukiukatakata ukauanika juani unatengeneza vitamini D, jua linabadilisha kitu kilichomo ndani yake, na mkavu unakaa miezi. Lakini si dawa ya ukimwi, si dawa ya kansa. Ni kweli dawa kubwa zimetoka kwa kuvu, penisilini Alexander Fleming aliigundua kwenye ukungu kule London 1928, ila ilichukua zaidi ya miaka kumi na kazi ya wanasayansi wengine mpaka ikawa sindano ya kumponya mgonjwa. Mtu anayekuuzia unga wa uyoga na kukuambia uache ARV ama vidonge vya presha, huyo anacheza na maisha yako. Mwambie daktari wako unachokula, na dawa zako endelea nazo.

Na kwa vile sisi uyoga tunaupika na mchuzi wa njugu, tafadhali angalia hizo njugu. Zilizosinyaa, zenye ukungu ama uchungu, tupa, usimsagie mtu. Kuna kuvu inaziingia zikianikwa chini ama kuwekwa na unyevu, inaacha sumu inaitwa aflatoksini ambayo inaleta kansa ya ini, hatari zaidi kwa mwenye hepataitisi B, ule ugonjwa wa ini, na kupika hakuimalizi. Hata uyoga wa porini usioujua, kijiko cha fedha hakipimi sumu, moto hauitoi yote, na ile mibaya kabisa mtu anaanza kutapika masaa mengi baadaye wakati sumu imeshafika kwenye ini.

Ukivuna, vuna kabla kingo hazijajikunja juu, uyoga ukikomaa sana unamwaga vumbi laini na hilo vumbi ukilivuta kila siku linakuletea kikohozi kibaya. Funga barakoa, na usilale chumba kimoja na mifuko.

Mifuko ikichoka usitupe. Chana, toa maganda, changanya na mbolea yako ya takataka, yaache wiki kadhaa yaoze vizuri alafu peleka kwenye mboga kama sukuma na nakati, na kwenye migomba. Yanashika maji, na udongo wetu wa mchanga huku unayahitaji kweli. Kaveera zenyewe kusanya zote, usizichome wala kuziacha shambani, ng'ombe anazila, na mfuko ulioingia kijani mwaga yaliyomo kwenye migomba ya mbali.